Leseni Tatu za Mtakatifu Demetria

Kompyuta za Somoe ziliingia darasani Jumatatu saa mbili kamili asubuhi. Hakuna namna nyingine ya kulisema jambo lile. Dakika moja alikuwa anaandaa kadhia ya kontena la chanjo za kuku, yaani lile tamko la mzigo linalopelekwa forodhani kabla mzigo haujaruhusiwa kutoka, dakika ya pili kioo kizima kikawa cha buluu, na katikati pameandikwa kwa Kiswahili kilichonyooka: "Muda wa mtihani. Kompyuta hii imefungwa hadi saa kumi jioni. Idara ya TEHAMA, Sekondari ya Wasichana Mtakatifu Demetria." Chini yake palikuwa na namba ya simu na jina la Mwalimu Yustina.

Somoe akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. Maneno hayakubadilika. Akahamia kompyuta ya pili, ya mumewe, nayo buluu. Ya tatu ilikuwa laptopu ya Albano, karani wao, aliyekuwa nayo kwenye yadi ya makontena, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Kabla hajamfikiria, simu ikaita.

"Mama Salma, shikamoo. Hii mashine yangu inaniambia kuna mtihani."

"Marahaba. Ya kwangu hivyo hivyo."

"Sasa mie nafanyaje? Kontena la Lukuledi liko hapa, kadhia haijapita, na ikifika saa kumi wanatuhesabia siku nyingine ya malipo ya yadi."

"Tulia kwanza, Albano. Usibonyeze kitu."

Nyumba yao ndiyo ilikuwa ofisi: chumba cha mbele kinachotazama barabara ya malori pale Kurasini, meza tatu, kabati la mafaili na cheti cha uwakala wa forodha kwenye fremu. Katika kila makontena kumi waliyoyatoa bandarini, saba yalikuwa ya Lukuledi Mifugo, waagizaji wa dawa na chanjo. Na Lukuledi walikuwa wameandika barua. Kila wakala anayegusa nyaraka zao awe na programu halali ya kulinda kompyuta zake zote, na mfanyakazi aliye nje aingie kwenye kompyuta za ofisi kwa VPN, ile njia iliyofungwa ndani ya intaneti ambayo wa pembeni hawezi kuchungulia. Mkaguzi angepita Alhamisi saa nne. Atakayeshindwa, kazi inahamia kwa wakala mwingine. Barua ilikuwa fupi hivyo, na ada ya binti yao Salma chuoni, mshahara wa Albano, hadi mchele wa ndani, vyote vilikuwa vinaisubiri hiyo Alhamisi.

"Baba Salma," aliita. "Hebu njoo."

Mudathir aliingia na brashi mkononi, rangi ya krimu imemtapakaa mpaka kwenye kiwiko. Tangu Ijumaa alikuwa anapaka ukuta wa nje kwa ajili ya mkaguzi. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole kwa watu wa nje, mgumu kwa watu wa ndani.

"Hii antivairasi ulinunua wapi?"

"Si nilikwambia. Kariakoo, kwa Brightson. Leseni ya maisha."

"Maisha ya nani? Maana hapa tumeambiwa tuna mtihani."

Mudathir akainama, akasoma. Akasoma tena, midomo ikitembea. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Hiyo itajitoa yenyewe."

Wiki mbili nzima Somoe alikuwa amehangaika na jambo hili. Aliuliza kwa wauzaji watatu, akachora jedwali kwenye kaunta buku: jina la programu, inalinda mashine ngapi, VPN imo au haimo, bei ya mwaka wa kwanza, na ikiharibika tunampigia nani. Alikuwa bado anaulizauliza, Mudathir akaona anachelewesha. Jumamosi, siku tisa kabla ya mtihani huu, alitoka peke yake, akarudi na kijana Brightson, mtanashati, spika za masikioni hazimtoki. Dakika ishirini mashine zote tatu zikawa tayari. Laki moja na nusu, risiti hakuna. Tena Mudathir akawaandikia Lukuledi barua pepe siku hiyo hiyo: ulinzi umeshafungwa, karibuni mkague. Somoe alionyeshwa kazi iliyokwisha, buku lake akalitia kwenye droo.

Sasa simu ya Brightson haikupatikana. Wakajaribu kuitoa ile programu, ikadai paswedi ya msimamizi.

"Msimamizi si mie?" alisema Mudathir.

"Msimamizi ni Mwalimu Yustina," alisema Somoe.

Mudathir akaweka brashi chini, akanawa mikono nusunusu, akapanda bodaboda kwenda Kariakoo na ile rangi kiwikoni.

* * *

Somoe naye hakukaa. Akanakili nyaraka za kontena kutoka kwenye simu yake hadi kwenye flashi kwa kutumia kompyuta kuukuu ya Salma iliyokuwa uvunguni, isiyoshika hata intaneti, akavuka barabara kwenda kwa Bwana Anwar. Anwar alikuwa wakala wa forodha kama wao, jirani wa miaka mingi, na mtu wa maneno matamu. Ofisini kwake walikuwamo wanaume wanne wanakunywa kahawa.

"Karibu shemeji. Leo umetutembelea sie wanyonge."

"Kompyuta zimenigomea, shemeji. Naomba nipeleke kadhia moja tu."

"Moja tu? Hata kumi. Ya nani hiyo?"

Somoe alisita. "Ya Lukuledi."

Mmoja wa wale wanaume akakiweka kikombe chini.

"Nyie watu wa Lukuledi," alisema Anwar akitabasamu, "mnakosaje kompyuta? Sie ndio tungekuja kuazima kwenu. Lete flashi, kijana wangu akufanyie. Wewe kaa, unywe kahawa."

Mkono ulikuwa umeshanyooshwa. Somoe aliitazama kompyuta ya yule kijana. Ilikuwa imejaa flashi za watu, wapita njia wote walikuwa wanaitumia, na ndani ya flashi yake mlikuwa na bei za Lukuledi, majina ya wauzaji wao wa nje, kila kitu. Vikiingia mle havitoki. Alielewa ghafla kwamba jambo lile lile ambalo Lukuledi walilikataza kwa barua yeye alikuwa anakwenda kulifanya kwa miguu yake, mbele ya mtu atakayefaidika kazi ikimponyoka.

"Nimekumbuka, kuna karatasi moja sijaweka," alisema, akairudisha flashi kwenye mkoba.

"Karatasi gani hiyo?"

"Nitarudi, shemeji."

Alipofika mlangoni alisikia mtu anacheka nyuma yake. Pengine walikuwa wanacheka mambo yao. Uso ulimwaka hadi anafika kwake.

* * *

Saa sita Mudathir alirudi. Alikaa kwenye kiti cha wageni, hakukaa kwenye kiti chake.

"Pale mezani kwa Brightson wanauza kava za simu," alisema. "Nimemkuta dada mmoja, nikamuuliza, akaniambia Braits amehama. Nikamuuliza kahamia wapi. Akaniambia, baba, na wewe umepigwa?" Alijifuta jasho. "Kaniuliza mbele ya watu, Mama Salma. Na wewe umepigwa. Maana yake sie tuko wengi."

"Pole."

"Tufute kila kitu tuanze upya."

"Tukifuta, kadhia na mafaili ya miaka minne yanakwenda. Na kontena linalala. Mie nampigia mwalimu."

Mudathir aliinua kichwa. "Unampigia mwenye mali umwambie nini? Kwamba umekaa na mali yake? Huyo atakwenda polisi. Mie jina langu ndilo liko kwenye cheti pale ukutani."

"Basi toa wewe njia nyingine."

Somoe akabonyeza namba iliyokuwa kwenye kioo, akaweka spika ili mumewe asikie.

"Mwalimu Yustina hapa. Nani mwenzangu?" Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu wa bara anayetamka kila herufi.

"Shikamoo mwalimu."

"Hapana mama, shikamoo wewe. Sauti yako ni ya mtu mzima. Niko nje ya chumba cha mtihani, nisemeshe taratibu."

"Marahaba mwanangu. Naitwa Somoe, niko Dar es Salaam, Kurasini. Sina mtoto hapo shuleni kwenu. Nina kompyuta ambazo mmezifunga." Alimeza mate. "Tuliuziwa programu na kijana mtaani, tukaambiwa ni yetu. Leo ndiyo tunaona ni yenu. Nimepiga kukuomba radhi na kukuomba utufungulie."

"Ziko ngapi?" aliuliza mwalimu.

"Tatu."

"Zinaitwaje hizo mashine? Kila mashine huwa ina jina lake."

"Moja inaitwa Ofisi. Moja Albano. Ya mume wangu inaitwa Bosi."

"Bosi," alisema Yustina. Wakasikia mtu anavuta kamasi. "Mama, wiki nzima namtafuta Bosi ni nani. Sina mwanafunzi anayeitwa Bosi."

Ndipo alipowaeleza. Shule ililipia leseni sitini kwa kompyuta sitini za maabara, na zote zinasimamiwa kutoka ukurasa mmoja anaoufungua yeye. Wiki iliyopita akakuta sitini zimejaa, lakini maabara kompyuta tatu hazina ulinzi. Moja ya hizo tatu ikachomekwa flashi yenye virusi, ikala alama za moko, ule mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, alama walizoziingiza kwa siku sita. Sista Mkuu wa shule akauliza leseni tatu zimekwenda wapi. Ufunguo wa maabara ukachukuliwa. Watu wakaanza kusema mwalimu wa kompyuta anauza mali ya shule mjini. Kikao cha nidhamu kingekaa Jumatano hiyo.

"Aliyetufungia programu mwaka jana alikuja na kijana msaidizi," alisema. "Nadhani ndiye aliyetoka na ufunguo wetu wa leseni, ile namba ya kuwashia programu. Lakini nadhani si ushahidi."

Mudathir alikuwa ameinamia sakafu.

"Mwalimu," alisema Somoe, "unataka tufanye nini?"

"Naomba barua. Yenye jina la kampuni yenu na muhuri, iseme mashine hizi tatu ni zenu, mliuziwa na nani na lini. Basi. Sitaki pesa." Wakasikia vidole vinagonga simu. "Nimeshazitoa. Zima, uwashe."

"Barua hujaiona bado."

"Mama, umenipigia mwenyewe. Zima, uwashe."

Saa saba na robo kioo kilikuwa cheupe. Saa nane na nusu kadhia ya chanjo ilikuwa imepita forodhani, na saa kumi kasoro dakika kumi Albano akapiga simu: lori limetoka getini. Somoe alikaa pale pale kwenye kiti, mikono imelala mapajani.

* * *

Barua aliiandika jioni ile ile, kabla jua halijazama. Mistari minane. Akaichapa, akamwekea mumewe mezani pamoja na kidau cha wino. Muhuri ulikaa kwenye droo ya Mudathir.

Mudathir aliisoma akiwa amesimama.

"Hii nikiigonga muhuri," alisema, "nimekiri. Karatasi haina siri. Leo iko kwa sista, kesho iko Lukuledi. Alhamisi mkaguzi anakaa hapa na mie nimeshajiandikia hukumu."

"Yule mtoto wa watu kazi yake inakwenda Jumatano."

"Na yetu inakwenda Alhamisi. Kompyuta si zimefunguliwa? Ameshazitoa. Nani anatudai barua?"

"Ndiyo sababu inabidi tuandike. Ametufungulia kabla."

"Mama Salma, huruma haitulipii kodi."

"Sina huruma mie," alisema Somoe, na safari hii sauti ilipanda. "Nina haya. Mtu anaitwa mwizi huko kwao kwa ajili ya laki moja na nusu yetu, sie tunapaka rangi ukuta. Mie haya itaniua. Kazi ikienda, nitauza hata maandazi, nishawahi kuuza. Ila hili siliwezi."

Mwadhini akaita magharibi. Mudathir akavuta droo, akautoa muhuri, akauweka juu ya barua bila kusema kitu, akachukua kofia yake akatoka kwenda msikitini. Somoe alingoja mpaka hatua zake zikapotea, akagonga muhuri, akaipiga picha barua na kuituma. Nakala akaitia kwenye faili.

* * *

Jumanne waliamka na mashine zilizo uchi. Hakuna shule tena, na hakuna ulinzi. Somoe akalitoa kaunta buku kwenye droo, akampigia Yustina wakati wa mapumziko ya chai, na mwalimu, aliyekuwa na kikao chake kesho yake, akampa nusu saa nzima.

"Bei usianze nayo," alimwambia. "Anza kumuuliza muuzaji ukurasa wa msimamizi utafunguliwa kwa barua pepe ya nani. Akikwambia yake, kata simu. Uliza laptopu ikiibiwa unaweza kuifunga ukiwa mbali? Masasisho yanakuja yenyewe au mpaka mtu akumbuke? Mwaka wa pili bei gani? Wengi huwa wanashusha mwaka wa kwanza tu."

"Na VPN? Mume wangu anasema hiyo ni ya vijana, ya kufungulia mitandao iliyofungwa. Anaogopa tutakamatwa."

"Ile ya bure ya kwenye simu achaneni nayo kabisa, hamjui nani anakaa katikati anasoma. Yenu itakuwa ya kutoka laptopu ya karani mpaka ofisini, basi. Na mtoe taarifa mamlaka ya mawasiliano kwamba mnaitumia. Ni fomu tu. Kitu kingine, mama. Televisheni na simu za nyumbani zisiwe kwenye intaneti moja na ofisi."

Somoe aliandika yote. Muuzaji wa kwanza, yule wa Posta mwenye tai, alikuwa anauza leseni kuanzia mashine ishirini na tano. "Mama, utakua tu," alimwambia kwenye simu. Somoe akamjibu kwamba akikua atampigia. Wa pili alikuwa rahisi kuliko wote, ila VPN hana, na alipoulizwa habari ya barua pepe ya msimamizi akasema, "Hiyo niachie mie, usijisumbue." Somoe akakata simu kama alivyoagizwa, na akaona raha ya ajabu. Wa tatu aliitwa Valerian, mwenye duka Ubungo. Huyu aliuza ulinzi wa mashine tano kwa mwaka, VPN imo ndani ya kifaa kidogo cha intaneti cha kuweka ofisini, risiti ipo, na kabla hajaulizwa mara ya pili alisema, "Barua pepe ni ya kwako, mama. Mie nikifa leo usiku we' uendelee na kazi."

Laki tano na nusu. Mudathir alipoisikia alitazama ukuta. Pesa waliyokuwa nayo ilikuwa ya kiyoyozi cha mtumba, alichokitaka yeye ili mkaguzi asitoke jasho.

"Mkaguzi haji kulala," alisema Somoe.

"Haya," alisema Mudathir. Hakusema zaidi. Siku mbili zile alikuwa mtu wa "haya" na "sawa" tu.

Valerian alikuja na begi lake, akafanya kazi mpaka alasiri, akamkalisha Somoe mbele ya kioo na kumfanya abonyeze kila kitu mwenyewe. Albano alipigiwa simu yadini, akaingia kwenye mafaili ya ofisi akiwa amekaa juu ya ndoo kwenye kivuli cha kontena, akasema kwa simu, "Mama Salma, naona faili la chanjo. Naliona kabisa."

Jumatano saa tisa alasiri ukaja ujumbe kutoka kwa Yustina. Barua ilisomwa kikaoni mara mbili. Sista Mkuu aliomba radhi mbele ya walimu wote, na ufunguo wa maabara umerudi. "Nimekaa maabara peke yangu nacheka," aliandika. Somoe alikuwa jikoni anachambua mchicha. Akakaa kwenye kigoda akalia kidogo, machozi ya watu waliopona, kisha akaendelea na mchicha.

* * *

Mkaguzi aliitwa Clara. Alifika Alhamisi saa nne kasoro tano kwa bodaboda, mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba na kompyuta kifuani ndani ya begi. Ukuta mpya hakuutazama. Alikataa soda, akaomba maji, akafungua fomu.

Alikagua mashine moja moja. Akampigia Albano, akamwambia atoke kwenye VPN kisha aingie tena. Akauliza televisheni iko wapi, akaonyeshwa kwamba ina intaneti yake. Somoe alijibu kila swali, na sauti yake ikawa inatengemaa kadiri anavyojibu. Mudathir alikaa pembeni, mikono ameifumbata.

"Swali la kumi na moja," alisema Clara. "Ndani ya miezi kumi na miwili, mmewahi kutumia programu ya ulinzi isiyo na leseni yenu, au mtu wa nje kupata usimamizi wa kompyuta zenu?"

Mudathir alikohoa. Alimtazama mkewe, na macho yake yalikuwa yanamwomba. Neno moja tu lilitakiwa, na fomu ingeendelea mbele.

"Ndiyo," alisema Somoe. "Siku tisa." Akatoa nakala kwenye faili, akamwekea mbele.

Clara alisoma barua mpaka chini, kwenye muhuri. Halafu akafungua begi lake akatoa karatasi nyingine, akaiweka kando ya barua. Ilikuwa barua pepe ya Mudathir.

"Mliandika kwamba ulinzi mliufunga Jumamosi ile," alisema. "Ukurasa wenu wa msimamizi unaonyesha umefunguliwa juzi, Jumanne. Hilo nimeliona tangu nilipokaa, nikawa nasubiri mtaniambia nini." Aligonga ile barua kwa kalamu. "Wiki hii nimepita kwa mawakala sita. Wanne wana leseni za watu, na wote swali hili wamejibu hapana. Nimewafungia mafaili nikaondoka. Nyie nisingepata hii karatasi, ningefanya vile vile."

"Kwa hiyo?" aliuliza Mudathir. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu mkaguzi aingie.

"Kwa hiyo mnaendelea. Nitarudi baada ya miezi mitatu." Akasaini, akapiga muhuri wake, akachana nakala akampa Somoe. "Kuna kitu kimoja tu. Mtumiaji anayeitwa Bosi hajaweka paswedi yake, bado anatumia ile ya fundi. Aiweke leo."

Walimsindikiza mpaka barabarani. Bodaboda ilipopinda, Somoe akashika nguzo ya kibaraza, na rangi mbichi ikamshika kiganja. Akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, miguu imenyooka mbele yake kwenye vumbi la malori, na nakala ya fomu ameikumbatia. Makontena saba katika kumi yalikuwa yamebaki. Salma angemaliza chuo.

Mudathir hakucheka. Alichuchumaa mbele yake.

"Mama Salma. Siku ile ile ya Jumamosi niliona jina la shule."

Somoe akaacha kucheka, akamtazama.

"Brightson alipoondoka niliiwasha kompyuta, jina likaja kwa pembeni, Mtakatifu Demetria. Nikajua kuna kitu. Nikaona nikikuuliza utajua kwamba sijui. Mie ndiye mwanamume, mie ndiye jina liko ukutani, na hizi mashine sizielewi hata kidogo. Miaka yote nabonyeza pale unaponionyesha, ukiondoka nasahau. Ndiyo maana niliwahi kununua, ili nionekane nimefanya. Nusura nituangushe kwa aibu tu." Alijipangusa uso kwa bega. "Nisamehe."

Lori likapita, wakangoja kelele zipungue.

"Na mie nilikuwa sijui," alisema Somoe. "Unadhani lile buku nilikuwa naandika nini? Nilikuwa naandika nisivyovijua. Ungeniuliza, tungekuwa wawili."

"Haya," alisema Mudathir, lakini haya hii ilikuwa nyingine. Akampa mkono, akamwinua.

Ndani alivuta kiti chake akakileta kwenye meza ya mkewe, akavaa miwani ya kusomea. Somoe akamfungulia ukurasa, akamwonyesha pa kuandika, akamweleza taratibu kwamba iwe ndefu, isiwe mwaka wa kuzaliwa wala jina la Salma, na asimwambie mtu.

"Hata wewe?"

"Hata mie."

Mudathir alifikiri kwa muda mrefu, kidole kimoja kimesimama juu ya vitufe. Somoe akageuka upande wa dirisha, akatazama barabara, akamwacha aandike.